Homa Iliyomruka Kikongwe

Hapa Kairouani, Tunisia, aliyetaka kusuguliwa mgongo mpaka ajione mpya alimwendea Wasila, kwenye hamamu, bafu la mvuke la wanawake, nyuma ya soko la mazulia. Alikuwa mnene wa kujivunia. Sisi waogaji tulipomtania kwamba akiingia yeye birikani maji yote yanatoka, alicheka kutushinda. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, na vidonge alimeza siku alizokumbuka. Makrudhi, zile keki za tende zinazochuruzika asali, hakuacha hata siku moja.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja, homa ya mafua iliingia nyumbani kwake, ikaanza na mama yake, Bi Manubia, kikongwe mkavu kama kijiti. Sote tulimhofia yeye. Rim, mke wa mtoto wa Wasila, alimpikia supu na kumkalia kando ya kitanda. Bibi akakohoa siku chache, kisha akaamka akidai kahawa. Ndipo Wasila akaanza kutetemeka.

Hakuna aliyeshtuka. Kama bibi kapona, huyu mwenye mwili wake atashindwaje? Hata yeye alisema ana akiba ya mwili ya kutosha, homa itachoka yenyewe. Rim peke yake hakutulia. Alimwona mama mkwe hawezi tena kulala chali, anaegemea mito, anakatiza maneno katikati ili avute pumzi. Maji alikunywa chupa kwa chupa, na chooni alikuwa haishi kwenda. Rim akamtoboa kidole kupima sukari. Kipimo hakikutoa hata tarakimu. Kilionyesha tu kwamba imepanda kupita kinavyoweza kusoma.

"Mama, twende hospitali."

"Kwa mafua? Watanicheka, mwanangu."

"Wacha wakucheke ukiwa hai."

Wasila akanyoosha mkono ainuliwe. Hilo ndilo lililomtisha Rim, maana mama mkwe wake hakuwahi kukubali kushindwa upesi hivyo.

Hospitalini walimwekea oksijeni papo hapo, na dawa ya kushusha sukari ikaingizwa kwenye mshipa. Alilazwa kifudifudi ili mapafu yapate nafasi, na kumgeuza kulihitaji wauguzi wanne. Rim alisimama ukutani akihesabu pumzi zile fupi fupi.

Bi Manubia alimshika daktari mkono mlangoni. "Daktari, kwa nini homa imeniruka mimi mzee ikamkamata mwanangu?"

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye macho ya uchovu, hakumficha. "Bibi, mafuta yanakibana kifua chake, hewa haishuki vizuri. Na sukari ikipanda, kinga ya mwili inalegea. Halafu homa yenyewe inazidi kuipandisha sukari. Vinamshambulia kwa pamoja."

"Atapona?"

"Sijui bado."

Bibi akakaa kwenye benchi, akakataa kurudishwa nyumbani.

Wasila alitoka hospitali baridi ikiwa imekwisha, mashavu yameshuka, sauti imekonda. Mvuke wa hamamu haukumfaa tena. Alipewa kiti mlangoni, akawa anatunza nguo za waogaji. Vidonge sasa alimeza bila kukumbushwa, na vuli ilipofika alikwenda kuchanjwa mafua huku mkono wa Rim ameukamata kama mtoto.

Lakini hofu haikumtoka. Mtu akikohoa ndani, aligeuza shingo. Siku moja aliingia mteja mgeni, mwanamke mpana, anahema kwa kupanda ngazi tatu tu.

"Dada, sukari unayo?" Wasila akamuuliza.

"Hayo ndiyo maamkizi yako?"

"Nakuuliza kwa sababu nimewahi kulala hospitali kifudifudi nikiomba hewa. Chanjo ya mafua umepata?"

Yule mama akachukua taulo lake, akaondoka amenuna bila kuoga. Tulimlaumu Wasila kwa kufukuza wateja. Alimtuma Rim, aliyekuwa amemletea chakula, amfuate, aulize anakaa wapi ili wampeleke akachanjwe, na akakaa kitini akitazama mlango mpaka Rim aliporudi.