Nyumba ya Marhoon

Bi Nasriya hakuacha kupiga hodi, hata kwenye nyumba aliyokuwa akilala. Akirudi sokoni Matrah na kikapu chake, husimama mlangoni kwa jamaa waliompokea, akaita hodi, na asiingie mpaka asikie karibu. Watoto wa nyumba ile walimcheka. Yeye alisema mlango wa mtu ni wa mtu.

Aliondoka Unguja mwaka sitini na nne, akashona nguo Dubai kwa miaka sita, na mwisho wa mwaka sabini, nchi ya wazee wetu ilipotupokea, akaja Maskati kama tulivyokuja wengi. Mimi nilikuja kusomesha, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha chuo cha ualimu. Yeye alikuja na cherehani na jina la kijiji alichozaliwa baba yake, nyuma ya vilima vya Wadi Kabir. Kwa muda hakwenda. Jamaa zake wa mjini walisema mbele yake, huku wakinywa kahawa, kwamba watu wa Sawahil, yaani sisi tuliotoka pwani ya Afrika, wanarudi kudai mitende na maji ya babu zao. Neno hilo hakulisahau.

"Nitakwenda," aliniambia, "lakini sitajitaja. Nataka waniulize wao mimi mtoto wa nani. Wasiponiuliza, narudi na cherehani yangu Dubai."

Tulikwenda wanne siku moja ya Disemba mwaka uliofuata: Nasriya, mimi, rafiki yetu Kheiria na mumewe Majid, aliyebeba birika la kahawa. Tulitoka na baridi. Tulipoanza kupanda njia ya mawe jua likatuchoma mgongo, na kabla hatujafika juu wingu jeusi likalifunika.

"Unguja mvua inakuja na adabu," Kheiria alisema akijifunga mtandio. "Hii ya huku haina hata salamu."

"Umeleta mwavuli?" Majid alimuuliza.

"Nimeleta mume."

Tulicheka, isipokuwa Nasriya. Alikuwa akitazama ng'ambo ya kilima, kwenye ukanda mwembamba wa mitende. Mvua ikatupiga, tukajibanza chini ya jabali. Bondeni, wadi, mto wa mvua uliokuwa mkavu, ikaanza kuvuma, ikapita na matope na matawi. Kisha jua likarudi, na mawe yakafuka mvuke.

Tuliteremka tukiufuata falaji, mfereji uliochongwa ubavuni mwa kilima kupeleka maji kijijini. Haukuwa na maji. Mafuriko yalikuwa yameujaza kokoto na udongo. Watu walikwisha kukusanyika, wanaume na majembe, wanawake na makapu. Waliitikia salamu yetu, basi. Bibi mmoja alimtazama Nasriya toka kichwani mpaka miguuni, akamwambia jirani yake kwa Kiarabu, bila kushusha sauti, "Wa Sawahil hao. Wamekuja kutaka maji, na maji yenyewe hayapo."

Nasriya alifahamu kila neno. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akanishika mkono.

"Twende zetu, shoga."

Tulikuwa tumekwisha kugeuka pale msimamizi wa falaji, Mzee Mahfoudh, alipopanda juu ya jiwe. Desturi ya pale, kila nyumba yenye fungu la maji hutoa mtu wa kusafisha, na nyumba huitwa kwa sauti. Akaziita moja moja, zikaitika. Kisha akaita, "Nyumba ya Marhoon bin Suud?"

Wakajibu wote pamoja, kama watu wanaoitikia dua: "Sawahil."

Baadaye nilielezwa kwamba jina lile liliitwa kila baada ya mafuriko tangu kijana Marhoon alipoondoka, na jibu lilikuwa hilo hilo. Wakati ule sikujua. Niliona tu Nasriya amesimama katikati ya njia. Akageuka.

"Nipo," alisema, kwa Kiarabu chake cha kukwamakwama.

Mzee akamkazia macho. "Wewe nani?"

"Nasriya. Binti wa Marhoon."

"Umekuja kudai fungu?" yule bibi aliuliza.

"Nimesikia nyumba yetu inaitwa, nimeitika. Nipeni kapu."

Mzee Mahfoudh akamwonyesha kipande cha baba yake, penye mwamba, kibaya kuliko vyote. Tulipotaka kumsaidia, Nasriya alitukataza. Nyumba zetu sisi, alisema, haziko pale. Tukakaa tukanywa kahawa.

"Mshonaji wa nguo za maharusi, hebu muoneni," Kheiria alisema.

Manyunyu yakaja, yakapita, upepo ukafuata. Nasriya alichota udongo kwa mikono. Yule bibi alimtazama kwa muda mrefu, halafu akashuka na kapu lake, akasimama ubavuni mwake. Alikuwa Bibi Shaikha, dada yake Marhoon. Walifanya kazi pamoja. Kisha tukamsikia akisema, "Marhoon naye alikuwa akijaza mpaka linamwagika. Punguza, utavunja mgongo."

Nimesimama kwenye sherehe nyingi tangu siku ile, wanafunzi wangu wakipokea vyeti, na sijamwonea mtu fahari kama niliyomwonea yeye, na matope yale mpaka viwikoni.

Jioni mawingu yalikusanyika tena, Majid akatuhimiza. Nilikwenda ukingoni kumwita. Wiki ile nilihamishiwa skuli ya mbali, na homa ilimchukua kabla sijarudi, hivyo hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kusema naye. Hakutoka mferejini.

"Nendeni nyinyi, mvua isije ikawakuta juu," aliniambia. "Kipande hiki hakijesha. Nikikiacha hivi, watasema nyumba ya Marhoon ina mvivu."