Dobi Aliyesema Ameshiba

Kitanda chake na changu vinatenganishwa na hatua mbili tu. Tunamwita Dobi kwa sababu miaka arobaini alifua na kupiga pasi nguo za watu, akasomesha watoto watano kwa sabuni na makaa. Hata hapa kwenye nyumba ya wazee, akikuona kola imekunjamana atainyoosha kwa kidole huku mnaongea.

Mwaka huu alianza kuchoka. Anaamka vizuri, ikifika saa nne kashalala kitini, mdomo wazi. Kutoka kitandani mpaka bombani apumzike mara mbili. Watu wakasema uzee huo. Mimi nimemzidi mwaka mmoja na chumba nafagia mwenyewe, kwa hiyo uzee usisingiziwe.

Ijumaa moja muuguzi akampima uzito, akaguna.

"Bibi, umepungua kilo nne. Nakupa wiki mbili. Usipopata nguvu nitakuhamishia chumba cha nyuma, uhudumiwe kitandani."

Chumba cha nyuma tunakijua. Aliyeingia humo hajarudi kwa miguu yake. Dobi akajibu, "Sawa, mwanangu," akageukia ukuta.

Basi nikaanza kumchunguza mezani. Vijiko viwili vya uji, bakuli anasukuma.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo?"

"Kila mtu na tumbo lake, shoga."

Siku ya tatu nikaona. Mkono ulikuwa unamtetemeka, uji ukamwagika kabla haujafika mdomoni. Tone likaanguka kwenye gauni, naye akalifunika upesi kwa kiganja. Kumbe shibe hakuna. Mtu aliyetoa madoa ya mtaa mzima anaona heri alale na njaa kuliko aonekane na doa.

"Si ujifunge kitambaa kifuani?" nikamwambia.

"Hicho ni cha watoto wachanga. Wewe mbona hujifungi?"

Akanibana. Mimi mwenyewe niliwahi kufungwa kitambaa hicho, nikakitupa dirishani na maneno juu. Siku hiyo Dobi aliponibana nilishinda nimenuna. Kesho yake nikaingia kula na taulo shingoni, fundo kisogoni. Wanaume wakaangua kicheko.

"Bibi, kinyozi yuko wapi?" akauliza mzee mmoja kipara.

"Wewe kinyozi wa nini? Kula!"

Dobi akanitazama weee. Mwisho akasogeza kiti.

"Haya, nifunge na mimi. Usinikabe tu."

Nikamfuata mpishi, sikutoka jikoni mpaka akakubali kumtilia Dobi uji mzito wa maziwa kwenye kikombe chenye mikono miwili. Tangu hapo Dobi akawa anakula polepole, anamwaga, anakula. Akisinzia namgusa goti.

Wiki mbili zikatimia. Muuguzi akaja asubuhi na kiti cha magurudumu, akakisimamisha karibu na meza. Dobi hata hakuinua kichwa.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Sijamaliza kula."

Muuguzi akaangalia kikombe, akaniangalia mimi na taulo langu. Kisha akakaa mwenyewe kwenye kile kiti, akangoja. Dobi akaomba kikombe cha pili.