Usiitike Nje ya Mistari

Juzi nilipita Wembley na binti yangu, nikakuta ule ukumbi wetu wa michezo umezungushiwa mabati na paa limeshang'olewa. Wewe uliyekulia mitaa ile utaukumbuka: milango ya kijani, na baridi isiyoisha hata Julai. Binti yangu alinivuta mkono akitaka chipsi, nami nikawa simsikii. Nilikuwa nimesharudi miaka ya tisini.

Wakati ule tukikaa ghorofa ya pili, mimi, wazazi wangu na bibi, aliyekuja kutoka Unguja na sanduku la udi na karafuu. Juu yetu alipanga mwanamke wa Kijerumani, mrefu hata akipita mlangoni huinamisha kichwa. Alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa wavu. Alianzia kwao akiwa msichana mdogo, akachezea klabu ya Italia, akavaa jezi ya taifa lake, mpaka goti la kushoto likamgomea katikati ya mechi. Akaja London kupasuliwa, akabaki kujiuguza. Alikuwa na hamu moja tu duniani: msimu mmoja zaidi, aache mpira akiwa amesimama, si amebebwa.

Alasiri sambusa zikikaangwa kwetu, juu utamsikia akiupiga mpira ukutani, du, du, du. Bibi hakuvumilia. Siku moja alipanda ngazi na chupa ya mafuta ya karafuu, akamkalisha, akaanza kulikanda lile goti bila hata kuomba ruhusa. Toka hapo ikawa kila Alhamisi: udi unafuka, Mjerumani kanyoosha mguu juu ya mkeka wetu, chai ya maziwa na mkate wa kumimina pembeni, na mimi mkalimani. Hawakuwa na lugha moja wale, lakini walicheka sana.

Kwa kurudisha fadhila, kila Jumamosi alitufundisha wasichana wa mtaa kwenye ukumbi ule. Mimi nilikuwa hodari wa kuruka, isipokuwa nikiitwa huku nimegeuka nilikuwa siitiki, na mpira unaanguka kati yangu na mwenzangu. Haikuwa kiburi. Bibi alinilea hivyo: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza, maana hujui ni nani, na ukiitika umeshamfungulia njia. Nawe umelelewa vivyo hivyo, usijifanye Mzungu.

Mjerumani akaja kushitaki.

"Mwambie bibi yako, uwanjani asiyeitika ndiye anayeangusha mpira."

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Hebu muulize, huko kwao mashetani hayana sauti?"

Walibishana mpaka chai ikapoa, na mimi jasho linanitoka kwa kutafsiri. Mwisho bibi akatoa hukumu. "Haya. Ndani ya mistari aitike. Akishatoka nje ya mistari, kimya." Mjerumani akampa mkono, na tangu siku hiyo uwanjani nilikuwa naitika kwa sauti ya kutetemesha madirisha.

Goti likapona. Baridi ilipokaribia alirudi kwao, na klabu ikampokea kwa ule msimu wake mmoja. Tulimlilia sana. Kila Jumapili akawa anapiga simu, na bibi anamuulizia goti kabla hata ya salamu.

Alasiri ya Jumamosi moja ya Novemba tulikuwa tumemaliza mazoezi, wenzangu wako upande wa pili wanakunja wavu. Mimi nilikaa kwenye benchi, nje ya uwanja, nafunga kamba za viatu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta mtupu. Kutoka huko nikaitwa. Jina langu, kwa sauti yake yeye, vile anavyoniita mpira ukiwa hewani. Na harufu ya karafuu ikanijia.

"Yes!" nikaitika, nikasimama. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Goti langu la kushoto likaingiwa na baridi, nikakaa chini.

Nyumbani nilipomsimulia, bibi hakuniuliza ni nani aliyeniita. "Ulikuwa ndani ya mistari ama nje?"

"Outside, Bibi. On the bench."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alichukua chupa yake akanikanda goti ambalo halikuumia popote, midomo yake ikisoma polepole.

Kesho yake simu ililia. Mjerumani alikuwa hospitali. Jana yake alasiri aliruka kuupiga mpira, goti likakatika kabla hajatua. "Sijui kwa nini," aliniambia, sauti imemchoka. "Wenzangu wote walikuwa pale, lakini nililiita jina lako." Nilitaka kumwambia kwamba nilimsikia, na niliitika. Bibi, aliyekuwa ameegemeza sikio kwenye simu, akaniwekea kidole mdomoni.

Hakucheza tena. Siku ile alitolewa uwanjani amebebwa, na hapo ndipo safari yake ya mpira ilipoishia, na mpaka leo naumia nikifikiri hivyo. Aliendelea kupiga simu miaka kadhaa, kisha akanyamaza, na tulipompigia namba ikawa haiiti. Bibi naye tulimzika hapa hapa London, binti yangu hajazaliwa. Goti langu sijawahi kuliumiza, lakini baridi ikianza huuma, na daktari haoni kitu. Nikilikanda kwa mafuta ya karafuu hutulia.

Sasa juzi, kupitia tundu la mabati, niliona sakafu imebanduliwa. Mbao zilikuwa zimerundikwa ovyo, na vipande vya ile mistari ya rangi vimeelekea kila upande. Nitakuwa mwongo nikikwambia nilipita kwa bahati tu. Nilikwenda makusudi, nikatega sikio, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuniita vile, na mimi natamani kuitwa.

"Coming!" Binti yangu akaitika, uso kauelekeza kwenye mabati.

"Nani kakuita?"

"That tall lady. In there."

Mle ndani hapakuwa na mtu. Nilimshika mkono kwa nguvu, nikatazama chini nijue tumesimama ndani au nje, nikakumbuka kwamba mistari haipo tena. Karafuu ilinukia. Nikasubiri na mimi niitwe. Sikuitwa.