Athumani Hakuiandika Ile Habari

Bado sijakubali, jamani. Jana tumemzika Athumani kwao Handeni, na leo asubuhi nimejikuta nashika simu nimpigie.

Vijana hamumjui. Miaka ya vijiji vya ujamaa alikuwa mwandishi wa kigazeti chetu pale Korogwe, mimi ndiye dereva wake. Kigazeti cha umbea na picha kubwa kubwa, lakini kilisomwa mpaka Vugiri huko juu.

Mzigua yule alikuwa na maneno! Gari likizimika kilimani ananiambia, "Shuka uliombe radhi. Nyie Wasambaa hamjui kubembeleza."

Mwaka wa njaa tukatumwa kijijini kwao. Watu walikuwa wanachemsha mizizi ya porini. Ghala la kijiji limejaa magunia, na bwana mkubwa wa wilaya kasimama mbele yake anapigwa picha.

Tunaondoka, lori likaja kuyabeba magunia yale yale. Dereva wake akaninong'oneza: mahindi ya msaada bwana mkubwa ameshayauza, haya kayaazima kwa mfanyabiashara rafiki yake, kwa ajili ya picha tu. Dah!

Athumani aliandika yote. Alinisomea stori yake ndani ya gari. "Hii ikitoka," akasema, "mama atapata chakula."

Ikatoka nyingine. Ukurasa wa mbele: Handeni wavuna, ghala lafurika. Chini yake jina la Athumani.

Editor akasema amri imetoka juu, anayebisha atafute kazi kwingine. Athumani aliacha kazi siku ile ile.

Msaada haukuja tena. Pale kijijini walikufa watoto, mmoja wao mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Athumani alijieleza mpaka akachoka. Nani angemwamini, na gazeti wanalo mkononi?

Jana makaburini shehe akauliza, "Mnamshuhudiaje marehemu?"

Wazee wa rika letu wakatazama chini.

Nikapaza sauti peke yangu, "Alikuwa mtu mwema!" Hakuna aliyeitikia. Nililia mbele za watu, sikuona hata aibu.

Nimekata tamaa, ndugu zangu. Waliojua wote wameshakufa, nimebaki mimi na presha yangu. Nikiondoka, uongo ule ndio utabaki na jina lake.

Athumani ndugu yangu, hukuiandika ile habari. Huku duniani wamekataa kukushuhudia. Huko ulikokwenda, Anayeuliza anajua tayari.

Lala sasa, kaka. Usijieleze tena.