Ubao Wenye Mafundo

Juzi, hapa Mount Dennis, mtaa wetu wa ughaibuni, jirani alikuwa akipasua mbao za mwerezi, na harufu ile ikanirudisha kwenye duka la mbao la hapa hapa, nikiwa binti mdogo pamoja na baba. Alitafuta ubao wa kukarabati boti yetu kuukuu ya makasia. Niliamini ikipona tungepiga makasia hadi Kalemie, mji tuliotoka ng'ambo ya bahari, nami sikutaka kuondoka hapa. Baba, aliyeunda boti nyingi huko, aligonga kila ubao akisikiliza. Nikamwonyesha uliojaa mafundo.

“Huu, papa.”

“Huu utavuja, mama.”

“Nautaka huu!”

Aliona machozi yangu, akaulipia. Boti haikugusa maji kamwe. Mwaka jana nilimwuliza kwa nini alikubali.

“Ulichagua vizuri, mama,” akasema.