Ufunguo wa Kabati la Dawa

Nilikimbia vita na ufunguo wa kabati la dawa. Nianze na hilo, maana wanangu wanamsimulia kila mtu kwamba mama yao ni shujaa.

Nilikuwa mhudumu wa zahanati ndogo ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, mimi ambaye hata nikilala mji wa jirani wa Mtama naikumbuka Nyangamara kwetu mpaka kichwa kinauma. Shangazi ndiye aliyenipeleka. Asubuhi ile nilikuwa nadeki, Nesi Tausi akinitania kwamba naisifia mihogo ya kwetu utadhani kwao haioti. Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga, kama nifanyavyo nyumbani. Wodini walikuwamo wawili: mzee aliyevunjika paja, na mama aliyejifungua alfajiri, damu yake bado haijatulia.

Risasi zikalia upande wa sokoni.

Nesi akatuambia wahudumu tukimbie. Sijawahi kutii upesi namna ile.

Katikati ya shamba, fundo la kanga likanigonga gotini. Sindano za kuzuia damu zilikuwa kabatini.

Nikarudi. Si kwa huruma. Niliogopa Nesi atanisema.

Nikakuta kabati limevunjwa kwa mchi, na mama ameshachomwa sindano. Nesi akanitazama nilivyoukamata ule ufunguo.

"Ahsante kwa ufunguo, dada," akasema. "Sasa mbebe huyu."

Nikamwambia twende sote. Mzee naye akamsihi aende. Akajibu kwamba paja lile halibebeki, na mgonjwa wake hawezi kuachwa azisikilize zile risasi peke yake. Akanifunga mtoto mgongoni. Mama nikamkokota, tukapitia nyuma ya choo.

Mama yule yu hai, mtoto anasoma. Nesi na mzee hawakuonekana tena, wala kaburi lao. Hadi leo najiuliza kama wema ulioanzia kwenye woga wa kusemwa nao ni wema. Nesi angenijibu kwa utani, na utani wake ndio ninaoukosa. Nikideki sebule yangu, huliacha tambara kidogo nikiungoja.

Juzi, tukibangua korosho na jirani yangu Bi Somoe, nilimwambia huenda Nesi yuko kwenye kambi ya wakimbizi mahali fulani. Hakuinua macho.

"Angekuwa hai angeshakutafuta akucheke. Msomee hitima apumzike. Unamchosha."