Tantine amekuja kulilia Mama, Mama njo amefungua mulango

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Mwezi uliopita, kwenye operesheni ya Mama kule Dar, mushipa mukubwa wa damu ulikatika. Hiyo habari ilifika Zongwe, kule ziwani kwa Tantine. Ile ya kupona haikufika.

Asubuhi Tantine, mudogo wake Mama, anaanguka mulangoni petu, analia: "Yaya wangu, dada yangu! Nani atatupikia samaki ndakala kama wewe?"

Mulango unafunguka. Ni Mama, na mwiko mukononi!

Weee!

Tantine anamugusa-gusa: "Uko muzima! Walikupasua mara ya pili?"

"Hapana. Walipitisha kamupira kembamba ndani ya mushipa, wakaziba pale palikatika." Mama anaonyesha pajani, kwenye kaliingilia: alama ni kama ya kuumwa na imbu.

Tantine anashangaa: "Nimelala ndani ya boti sababu ya alama ya imbu?"

Mama anamukalisha: "Ile ya ndakala, rudilia. Sikusikia muzuri."